Korona na benki za chakula Marekani: pesa ya kununua chakula ilitoka mapema, ya kukibeba ndiyo ilitutesa

MtangaOhio (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kwenye uzi mwingine humu ndani kuna ndugu alisema kwamba Marekani wakati wa korona serikali ilimwaga pesa na chakula, kwa hiyo hakuna aliyelala njaa. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona nitavuruga uzi wa watu. Nimeamua kuanzisha huu. Ni mrefu, mniwie radhi, lakini jambo lenyewe nimeliishi.

Niko Columbus, Ohio. Mwaka 2020 mchana nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala la vitu vinavyoagizwa mtandaoni, na Jumatano na Jumamosi nilikuwa najitolea kwenye kituo kidogo cha kugawa chakula, chini ya kanisa moja la mtaani kwetu. Huku wanaita pantri. Jina la kituo nitaliacha.

Tuelewane kwanza. Benki ya chakula siyo mahali ambapo mwenye njaa anabisha hodi. Ni ghala la jumla. Linapokea chakula kwa malori, halafu linavigawia vituo vidogo: pantri, majiko ya kupikia maskini, makanisa, misikiti. Wazo lilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Bwana mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akijitolea jikoni, akakutana na mama wa watoto kumi aliyekuwa akiwalisha kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya supamaketi. Yule mama ndiye aliyemwambia pangekuwa na mahali kama benki, mwenye ziada aweke na mwenye shida atoe. Leo mtandao wa Feeding America una benki kama 200 zinazohudumia vituo vipatavyo 60,000.

Ghala hilo lina milango mitatu ya kuingizia chakula. Wa kwanza ni supamaketi na viwanda vinavyotoa kilichobaki. Wa pili, benki yenyewe inanunua kwa pesa za wafadhili. Wa tatu ni serikali kuu, kupitia mpango wa TEFAP, yaani msaada wa dharura wa chakula. Huu ulianza mwaka 1981 enzi za Reagan, wakati maghala ya serikali yamejaa jibini iliyonunuliwa ili bei ya maziwa ya wakulima isianguke, huku watu mitaani hawana kazi. Jibini ikagawiwa. Mpango ulipangwa uwe wa muda, na uko mpaka leo.

Sasa Machi 2020. Ule mlango wa kwanza ulijifunga kwa siku chache tu. Watu walikomba rafu zote, supamaketi haikubakiwa na kitu cha kutoa. Na wanaojitolea kwenye pantri nyingi ni wastaafu. Pale kwetu daftari la majina lilishikwa miaka yote na bibi wa miaka 78. Jumamosi moja alikuja na gari, akateremsha kioo kidogo, akanipitishia daftari na funguo kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia mwanawe amemkataza kuingia ndani. Tulikuwa watu kumi na wanne. Tukabaki watano.

Na foleni ikaanza. Tulizoea familia tisini hivi kwa wiki. Kufikia Aprili zilipita mia tatu, wengi ni watu ambao hawajawahi kukanyaga pantri: wahudumu wa hoteli, wasuka nywele, madereva wa uwanja wa ndege. Ukosefu wa ajira nchi nzima mwezi huo ulifika asilimia 14.7.

Hapa ndipo pesa inapoingia, na nataka niseme haki: ilitoka haraka. Sheria ya Machi 18 iliipa TEFAP dola milioni 400. Siku tisa baadaye, Machi 27, ile sheria kubwa ya CARES ikaongeza milioni 450. Jumla milioni 850, na kati ya hizo milioni 250 ziliruhusiwa kutumika kwa usafirishaji, uhifadhi na ugawaji. Kila jimbo lilipata fungu lake kwa kanuni ambayo iko sikuzote: asilimia 60 inaangalia idadi ya maskini, asilimia 40 idadi ya wasio na kazi.

Tatizo ni kwamba pesa ya Machi haigeuki maharage ya Aprili. Jimbo linachagua vyakula kwenye orodha ya Wizara ya Kilimo, wizara inatangaza zabuni, mwenye kiwanda anajaza makopo, lori linapangiwa tarehe. Hiyo ni miezi. Aprili 9, San Antonio, Texas, magari ya familia kama 10,000 yalipanga mistari kwenye uwanja wa gulio yakisubiri chakula. Ile picha iliyopigwa kutoka juu wengi mliiona. Wakati huohuo wakulima walikuwa wanamwaga maziwa mashambani kwa sababu shule na migahawa waliyoiuzia imefungwa.

Nitaendelea. Naomba michango na maswali.

Kalunde_TBR

Asante mkuu kwa uzi wenye nyama. Nina swali la mtu wa uchumi mdogo. Kama pesa ipo na maduka yapo, kwa nini wasiwape watu hela wakanunue wenyewe? Huku Tabora mwaka wa njaa wakileta mahindi ya msaada, nusu ya shida ni lori na magunia, siyo mahindi.

MwanaMjiKale

Nafuatilia kutoka Mombasa. Mtaa wetu ulifungwa kuanzia Mei 6 mwaka huo, katikati ya Ramadhani. Nina machache ya kusema ila mleta uzi amalizie kwanza.

MtangaOhio

Kalunde, umegusa penyewe. Na walifanya hivyo. Kuna SNAP, ambayo wengi wetu bado tunaiita stempu za chakula: kadi unayotumia dukani. Feeding America wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwenye benki za chakula, SNAP inatoa tisa. Wakati wa korona majimbo yaliruhusiwa kuongeza malipo mpaka kiwango cha juu. Mimi naamini kadi ndiyo njia bora kwa mwenye kuipata. Anachagua mwenyewe, hapangi foleni ya aibu, na duka linabaki hai.

Lakini yuko asiyeipata. Asiye na makaratasi hapati. Na yuko mwenye makaratasi anayeogopa. Februari 24, 2020, wiki chache tu kabla ya yote haya, ilianza kutumika kanuni ya uhamiaji iliyosema kwamba kutumia SNAP kunaweza kukuhesabia kuwa mzigo kwa serikali unapoomba kadi ya kijani. Wakimbizi hawakuhusika, na chakula cha TEFAP hakikuhesabiwa, ila nenda kamweleze hivyo mama ambaye shemeji yake kamwambia asiguse chochote cha serikali. Walikuwa wanasimama ng'ambo ya barabara, wanatuangalia tukigawa, hawavuki. Nilivuka mimi. Nilikuwa nawaeleza kwa Kiswahili na Kisomali changu cha kuokoteza kwamba hapa hatuulizi uraia, tunauliza mko wangapi nyumbani na mnaishi wapi, na kipato unajitamkia mwenyewe. Kwa watu hao pantri ndiyo ilikuwa mlango pekee.

Sasa pesa ya kubeba. Sheria inasema jimbo lazima lishushe angalau asilimia 40 ya pesa za uendeshaji za TEFAP, ndizo hizo za kusafirisha, kuhifadhi na kugawa, kwa mashirika yanayogawa chakula. Nzuri. Ila benki kubwa ya chakula nayo ni shirika linalogawa chakula. Ikifika pale, kwa sheria imefika. Na siwalaumu, nao walikuwa wanalipa mafuta ya malori, barakoa na vibarua wa kuziba pengo la wazee. Gavana wetu Mike DeWine alipeleka askari wa akiba wa jimbo kama 300 kusaidia kwenye maghala yao, na bila wale vijana kupakia, nadhani Ohio ingekwama. Lakini askari aliishia ghalani. Kutoka ghalani mpaka kwenye ngazi kumi na moja za chini ya kanisa letu ilikuwa ni mgongo wetu na gari la mtu.

Nitoe kisa kimoja. Kuanzia Mei 15, 2020 serikali ilianzisha mpango mwingine kabisa, maboksi kutoka kwa mkulima kwenda kwa familia, bilioni 3 kwa kuanzia. Huu haukupita njia ya TEFAP. Wizara iliingia mkataba moja kwa moja na makampuni, kampuni inanunua kwa wakulima, inafunga maboksi, halafu yenyewe inatafuta kituo cha kupelekea. Lengo lilikuwa jema, kukomboa maziwa na mboga zisimwagwe na kuwahi watu. Lakini jimbo halikujua nani anapeleka nini wapi. Kulikuwa na kata zenye maboksi ya kupindukia na jirani zao hawana hata moja. Huko San Antonio kampuni ya kuandaa sherehe ilipewa mkataba wa dola milioni 39 wa kugawa chakula.

Juni, Ijumaa saa tano asubuhi, lori la baridi likasimama nje ya kanisa. Hatukuwa na miadi nalo mpaka Jumatatu. Dereva, kijana mstaarabu tu, akasema yeye mkataba wake ni kufikisha na kufungua mlango, kushusha siyo kazi yake, na ana saa moja. Ndani mna paleti kumi na mbili, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, zimejaa maziwa, mtindi, jibini, nyama iliyopikwa tayari. Sisi tuna jokofu la nyumbani moja. Joto la siku ile lilikuwa la Tanga la Februari. Hatuna foklifti, na kwenye barabara ya changarawe kitoroli cha kubebea paleti hakitembei. Tulishusha boksi moja moja kwa mkono, watu sita, nikiwa nimeomba ruhusa kazini kwa uongo kwamba naumwa meno. Maboksi yakapangwa kivulini chini ya mti, tukayafunika mablanketi yaliyolowekwa.

Halafu tukaanza kupiga simu. Mchungaji akapiga kwake, mimi nikampigia imamu wa msikiti wa Wasomali, yeye akapaza sauti kwenye kundi lake la WhatsApp. Mpaka saa tisa gari zimejaa mtaani. Imamu alikuja mwenyewe akafungua boksi la kwanza, akainua pakiti ya nyama, akasoma, akairudisha taratibu. Nguruwe. Ikabidi tufungue kila boksi linalokwenda kwa Waislamu, tutoe nyama, tuongeze mtindi. Hiyo ni kazi ya mikono mingine ambayo hakuna bajeti iliyoihesabu. Tulimaliza saa mbili usiku. Galoni arobaini na kitu za maziwa zilikuwa zimeshachacha, tukazimwaga kwenye bomba la maji machafu nyuma ya kanisa. Yale maziwa yaliyookolewa yasimwagwe shambani, niliyamwaga mimi kwa mkono wangu mjini. Nililia, sioni haya kusema.

MwanaKibra

Mtanga, umenitoa mbali. San Antonio ni Aprili 9. Kesho yake, Aprili 10, Ijumaa Kuu, mimi nilikuwa Kibera pale ofisi ya DC. Habari ilienea kwamba chakula kimeletwa. Hakuna aliyejua ni cha nani, kinagawiwa kwa orodha gani, kila mtu alitoka mbio. Lango lilipofunguliwa watu wakasukumana, polisi wakarusha vitoa machozi. Nilimuona mama ameanguka na bado ameshikilia paketi ya unga chini ya kifua, watu wanamruka. Baada ya hapo serikali ikakataza watu kugawa misaada ovyo na kusema ipitie kwenye mfuko wa dharura.

Kwetu basi pesa ndiyo ikapewa nafasi. Rais Kenyatta alikuwa ameshatangaza Machi bilioni 10 za shilingi kwa wazee, mayatima na wasiojiweza, na M-Pesa ilikuwa haikati ada kwa kutuma shilingi 1,000 kushuka. Kwa njia ya kubeba, hakuna lori linaloishinda simu. Hakuna paleti, hakuna jua, hakuna maziwa kuchacha. Lakini Mtanga, orodha. Nani anaandika jina lako? Mzee wa mtaa na wa nyumba kumi. Aliyekuwa na binamu kwenye kamati alipata ujumbe kwa simu, jirani yake anayelala kwenye chumba hichohicho cha mabati hakupata. Human Rights Watch waliliandika jambo hili mwaka 2021, na waliokuwa mtaani hawakuhitaji kusoma. Kwa hivyo mimi nasema pesa ya kubeba ni muhimu, lakini kule kwetu kilichokosekana ni pesa ya kuhesabu. Mtu wa kuzunguka mlango kwa mlango na kalamu, analipwa, hana jamaa hapo.

MwanaMjiKale

Hapo pa orodha naongezea. Sisi Mji wa Kale tulipofungiwa, watu wa misikiti ndio walikuwa na orodha ya kweli, kwa sababu ya zakatul-fitri ya kila mwaka. Wanajua mjane yupo ghorofa gani na nani anaona haya kuomba. Anayetaka kuleta msaada angeanza na daftari lile. Bibi yangu alikuwa akipelekewa kikapu usiku baada ya tarawehe ili majirani wasione. Heshima ya mtu ni sehemu ya msaada.

BukavuIowa

Ndugu zangu, jambo. Mimi ni Mkongomani, nilifika Iowa mwaka 2016. Hapa wengi wetu tunafanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Mwezi wa ine 2020 ugonjwa uliingia mu kiwanda tulichokuwa tunafanyia, watu tulikuwa tunasimama bega kwa bega tukikata. Wengi waligonjwa, wengine tuliwazika. Kiwanda kilifungwa, nyumba nzima ikawekwa karantini. Sasa mniambie: foleni ya magari itamsaidia nini mtu ambaye hawezi kutoka ndani?

Chakula tulikileta sisi kwa sisi. Kanisa letu lilichukua kwa benki ya chakula, vijana wanaacha mlangoni, wanapiga simu, wanaenda. Lakini mle ndani mlikuwa makopo ya viazi vitamu vya sukari, siagi ya karanga, jibini. Mama zetu hawakujua vya kufanya na jibini ile. Wanataka unga wa fufu, maharage, mchele, samaki wakavu, sombe. Tuliuliza kama ile pesa inaweza kununua mchele kwa duka la Mukongomani la hapa. Jibu lilikuwa hapana, chakula cha serikali kinatoka kwa orodha. Aliyetusaidia ni wakfu mmoja mdogo wa mjini, walitupa dola elfu tatu bila masharti mengi. Tukanunua mchele. Elfu tatu hizo zilifanya kazi kuliko lori.

MtangaOhio

BukavuIowa, pole sana ndugu yangu kwa mliowazika.

Ulichosema kuhusu elfu tatu ndicho nilichotaka kukifikia. TEFAP nguvu yake ni ukubwa. Inanunua maharage kwa bei ambayo pantri haiwezi kuipata popote. Udhaifu wake ni kwamba haijui mlango wako. Pesa ndogo isiyo na masharti inajua mlango, ila haitoshi. Aprili 2 mwaka ule Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliipa Feeding America dola milioni 100, na michango mingine mingi ikafuata, na nakumbuka jinsi benki yetu ilivyopata nafasi ya kununua kwa muuzaji yeyote kipindi ambacho mzigo wa serikali ulikuwa bado njiani. Kwa hiyo mpangilio mzuri ulikuwa ni wa zamu: pesa ya wafadhili izibe miezi ya kwanza, TEFAP iingie nyuma yake na uzito, na katikati awepo mtu anayejua nani kapata nini.

Kwetu mtu huyo alitokea Julai. Dada mmoja wa kwenye benki ya chakula alianzisha simu ya pamoja kila Jumatatu saa mbili asubuhi, dakika ishirini, pantri zote za upande wetu wa mji. Kila kituo kinasema: nina nini cha ziada, nimepungukiwa nini, lori gani limeniahidi siku gani. Yeye anaandika kwenye jedwali moja. Halikugharimu hata senti. Baada ya simu ya tatu hatukumwaga tena maziwa, kwa sababu pantri ya mtaa wa pili ilikuwa na chumba cha baridi kilichokaa nusu tupu, na sisi hatukuwa tunajuana.

Na yule ndugu aliyesema hakuna aliyelala njaa, nimpe takwimu za Wizara ya Kilimo yenyewe. Kaya zilizokosa uhakika wa chakula mwaka 2019 zilikuwa asilimia 10.5. Mwaka 2020, mwaka wa korona, asilimia 10.5 vilevile. Haikupanda, kwa nchi ambayo mamilioni walipoteza kazi. Mimi naliona hilo kuwa ni kazi kubwa ya pesa, za kadi na za TEFAP na za nyingine zote. Kisha mipango ya dharura ikaanza kufungwa mmoja mmoja, bei zikapanda, na nyongeza ya SNAP ikakoma baada ya Februari 2023. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 12.8, mwaka 2023 ikafika 13.5. Foleni yetu ndefu kuliko zote haikuwa ya 2020. Ilikuwa ya Machi 2023, hakuna mpiga picha aliyekuja.

MwanaKibra, hilo la pesa ya kuhesabu nimelichukua. Hata sisi, bila daftari la yule bibi tungepotea.

Kalunde_TBR

Nimesoma mpaka mwisho. Yule bibi wa daftari yu hai? Na jokofu mlipata?

MtangaOhio

Bibi yu hai, alirudi Mei 2021 baada ya chanjo ya pili, akakagua mwandiko wangu ukurasa kwa ukurasa na kunisahihishia majina ya Kisomali niliyokosea.

Jokofu tulipata Septemba 2020. Mgahawa mmoja wa jirani ulikuwa umefungwa moja kwa moja, mwenyewe akatupa chumba chake cha baridi bure tukibomoe na kukihamisha. Kukihamisha na kuunga umeme kulitugharimu dola 1,900. Tuliomba kwenye pesa za uendeshaji, tukaambiwa fungu la mwaka limekwisha, tuombe Januari. Tulichangishana. Mwenye mgahawa alikuja siku tulipokiwasha, akasimama mlangoni akisikiliza kile kimota kikianza kuvuma. Wiki iliyofuata alirudi na mkewe, wakapanga foleni.

BukavuIowa

Ndugu Mtanga, ile simu ya Jumatatu mulifanya kwa namba gani, ya kawaida ama programu? Hapa kwetu tuna vituo sita vya Wakongomani na Warundi na hatuongei. Nataka nianze.

MtangaOhio

Namba ya kawaida, mtu yeyote anapiga hata kwa simu ya tochi. Nitakutumia lile jedwali kwenye ujumbe wa faragha. Lina safu nne tu: kituo, kilichozidi, kilichopungua, lori na siku. Usiongeze safu ya tano, watu wataacha kujaza.